Ushauri, Tangazo na Ahadi: Namna ya Kumwelekeza Mtahiniwa Anayetaka Kusoma Kiswahili Chuo Kikuu

Utangulizi

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, wanafunzi wa vyuo vikuu hugeuka washauri pasi na kuteuliwa na yeyote. Binamu hupiga simu kutoka nyumbani. Jirani humleta mwanawe jioni, akaketi naye sebuleni na karatasi ya matokeo mkononi. Katika siku ambazo chuo hufungua milango yake kwa wageni, wanachama wa chama cha Kiswahili husimama nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa, wakawagawia vijana vijikaratasi na kujibu maswali. Swali la kwanza huwa ni lile lile: chuo hiki ni kizuri? Kwa wanaosoma Kiswahili huongezwa la pili, nalo aghalabu huulizwa na mzazi: akishamaliza hicho Kiswahili, atafanya kazi gani?

Makala hii inanuia kuchunguza jinsi maswali hayo mawili yanavyojibiwa, na jinsi yanavyostahili kujibiwa. Huenda msomaji akaona kwamba mada yenyewe ni ya ofisi ya udahili wala si ya jarida la Kiswahili. Hata hivyo, kumshauri mtu ni tendo la lugha kabla ya kuwa jambo lingine lolote, na wanaoifanya lugha kuwa taaluma yao hawana udhuru wa kulitenda vibaya. Tena jambo hili lina uzito. Kijana anayechagua shahada huweka rehani miaka minne ya ujana wake, na mara nyingi huweka rehani pia ng'ombe wa baba yake.

Ni vyema kukiri mapema kwamba mshauri wa aina hii hana mikono mitupu. Zamani Bodi ya Pamoja ya Udahili, iliyojulikana kwa kifupi kama JAB, iliwagawa wanafunzi waliofadhiliwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda asasi ya KUCCPS, na sasa mtahiniwa hujichagulia kozi na vyuo kwa kutumia mtandao wa asasi hiyo. Kwa kuwa fedha nyingi za chuo hufuata idadi ya wanafunzi, idara yenye wanafunzi wachache hujikuta mashakani. Hivyo basi mwanafunzi anayesimama nyuma ya ile meza ana kitu anachokitetea: anataka idara yake idumu, na chama chake kipate wanachama. Nia hiyo si mbaya, ila inaweza kumtia mtu ulimi wa muuzaji bila yeye mwenyewe kujua.

Matendo matatu yanayofanana

Katika mihadhara aliyoitoa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1955, iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, mwanafalsafa J. L. Austin alionyesha kwamba kusema ni kutenda. Mwanafunzi wake, John Searle, aliyaendeleza mawazo hayo mwaka 1969 kwa kuyabainisha masharti ambayo tendo la usemi halina budi kuyatimiza ili lifaulu. Masharti hayo yanatufaa hapa, kwa sababu yanatenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya udahili huchanganywa kama mchele na mtama: ushauri, tangazo na ahadi.

Ushauri una sharti la uaminifu: anayeshauri huamini kwamba jambo analolipendekeza litamfaa anayeshauriwa. Neno la kutiliwa mkazo hapo ni "anayeshauriwa". Likimfaa mshauri pekee, au likiifaa idara, hilo si ushauri tena hata kama maneno yaliyotumika ni yale yale. Kwa upande wake, ahadi huhusu tendo la baadaye la mwenye kuahidi mwenyewe. Mtu huahidi atakachokifanya yeye, si kitakachofanywa na mwingine. Mhadhiri anaweza kuahidi kwamba atausahihisha mtihani kwa wakati. Hawezi kuahidi kwamba Tume ya Huduma za Walimu (TSC) itamwajiri mhitimu, maana tendo hilo si lake. Kwa hivyo kauli kama "ukisoma hapa utapata kazi" ina umbo la ahadi lakini haina mwenye kuitimiza. Kijana huibeba nyumbani kama ahadi, na baada ya miaka minne anapoirejesha hakuna anayekumbuka kuitoa.

Tangazo ni jambo la tatu. Tangazo haliwi uongo kwa kuwa tangazo, na hakuna ubaya chuo kujitangaza. Tatizo huzuka pale tangazo linapovaa joho la ushauri. Hapa nadharia ya H. P. Grice, iliyochapishwa mwaka 1975, ina msaada mkubwa kuliko zote. Grice alisema kwamba wazungumzaji hushirikiana kwa kufuata kaida nne: ya kiasi, ya ukweli, ya uhusiano na ya namna. Wengi hudhani kwamba kuwa mkweli ni kuitii kaida ya pili tu, yaani kutosema lisilo kweli. Katika ushauri wa udahili kaida ya pili huvunjwa kwa nadra. Inayovunjwa kila siku ni ya kwanza, ile ya kiasi: kutoa habari chache kuliko zinazohitajika, ilhali msikilizaji anaamini kwamba ameambiwa yote.

Mfano mmoja utatosha. Agosti 2019, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022, Umoja wa Afrika ulikikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi. Hizi zote ni habari za kweli na za kutia moyo, na hakuna meza ya maonyesho ya Kiswahili ambako hazitajwi. Lakini kijana anapoambiwa hayo kama jibu la swali "nitafanya kazi gani?", kaida ya uhusiano humfanya aelewe kwamba kila azimio lina nafasi za kazi ndani yake, na kwamba nafasi hizo zinamsubiri. Maazimio yenyewe hayasemi wakalimani wangapi wataajiriwa, wala lini, wala kwa sifa zipi. Aghalabu mkalimani wa mikutano huhitaji mafunzo zaidi ya shahada ya kwanza na umilisi wa lugha nyingine ya kimataifa. Aliyeyataja maazimio akayaacha hayo hakusema uongo wowote, na bado kijana ameondoka mezani amedanganyika.

Msamiati wa vijikaratasi nao unastahili jicho la mhakiki. Karibu kila chuo ni "kitovu cha umahiri". Wahadhiri wote "wamebobea". "Mandhari tulivu" huweza kuwa na maana kwamba mji wa karibu uko mwendo wa saa nzima kwa matatu na kwamba chumba cha kukodi kina giza usiku. "Wahitimu wetu wako kila mahali" haina idadi wala anwani. Mwanafunzi wa isimu aliyefundishwa kuuchambua usemi wa wanasiasa hana sababu ya kuusamehe usemi wa chuo chake.

Kiswahili cha shule na Kiswahili cha chuo

Penye haja kubwa zaidi ya ukweli ni katika kueleza somo lenyewe. Mtahiniwa anayekuja akisema "napenda Kiswahili" anazungumzia Kiswahili anachokijua, nacho ni kile cha karatasi tatu za KCSE: insha yenye alama 40, lugha yenye alama 80 na fasihi yenye alama 80. Pengine alimpenda mwalimu mmoja aliyekuwa akisoma tamthilia kwa sauti tofauti tofauti hadi darasa zima likavunjika mbavu. Pengine alikuwa bingwa wa methali. Akifika chuoni hukuta fonetiki na fonolojia, mofolojia, sintaksia, semantiki, isimujamii, isimu historia na nadharia za uhakiki. Methali alizozikariri hupewa saa chache katika fasihi simulizi, na hata huko haambiwi azikamilishe bali azichanganue.

Isimujamii, ambayo katika karatasi ya pili ilikuwa swali la alama 10, huwa kozi nzima. Sintaksia ambayo hakuwahi kuisikia kwa jina hilo humletea michoro ya matawi ukurasa baada ya ukurasa. Wapo wanaoipenda mara moja. Wapo pia ambao, kufikia muhula wa pili, huanza kusema kwamba walidanganywa, na hawakosei kabisa.

Swali "je, unapenda Kiswahili?" halifai basi kuwa kipimo, kwani kila anayeifikia ile meza atajibu ndiyo. Swali bora ni hili: ni kitabu kipi cha Kiswahili ulichokisoma bila kulazimishwa na mtihani? Asiyekuwa na jibu asifukuzwe, kwa sababu shule nyingi hazina maktaba na vitabu ni ghali. Lakini jibu lake, au kimya chake, humpa mshauri mahali pa kuanzia.

Kipimo cha pili ni kumwonjesha kijana kazi yenyewe. Haihitaji zaidi ya kalamu na nusu saa. Aandikiwe neno "sikumpigia" na aulizwe lina vipande vingapi vyenye maana. Akisaidiwa kidogo atafika: "si-" ya ukanushi na nafsi ya kwanza, "-ku-" ya wakati uliopita katika ukanushi, "-m-" ya mtendwa, "-pig-" ambao ni mzizi, "-i-" ya kutendea, na "-a" ya kumalizia. Kisha aandikiwe maneno mawili, "chumba" na "kiumbe". Aelezwe kwamba kiambishi cha ngeli ni "ki-" katika yote mawili, na kwamba "ki-" inapokutana na irabu mara nyingi hugeuka "ch-", kama ilivyo katika chakula na chombo. Halafu aulizwe: mbona basi "ki-" ya chumba iligeuka nayo ya kiumbe haikugeuka?

Jibu analolitoa si muhimu. Linalostahili kuangaliwa ni uso wake. Wapo ambao macho yao huchangamka, wakaanza kutafuta mifano mingine wenyewe: kiapo, kiongozi, kiatu, choo, chuo. Hao hata wakiwa na alama za wastani watakuwa na furaha katika darasa la mofolojia. Wapo wengine ambao huuliza, kwa adabu, kama hayo yote yatakuwa katika mtihani. Yatakuwa, na ni haki yao kuambiwa hivyo kabla ya kulipa karo.

Kwa upande wa fasihi, kijana anaweza kupewa sura moja ya kitabu cha K. W. Wamitila, Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake, kilichotoka mwaka 2002, na kwa isimu sura moja ya Mtalaa wa Isimu cha R. S. Mgullu cha mwaka 1999. Asivisome vyote. Akae navyo alasiri moja katika maktaba ya chuo, kwa ruhusa ya mkutubi, kisha aseme alivyoona. Alasiri hiyo itamfundisha mengi kuliko ziara ya kuonyeshwa majengo.

Nani anayedhani Kiswahili ni chake

Kuna dhana mbili ambazo humpotosha mtahiniwa, na zinatoka pande zinazopingana.

Ya kwanza ni ya kijana wa Pwani anayeamini kwamba, maadamu Kiswahili ni lugha ya mama yake, shahada itakuwa mteremko. Ana hazina kubwa, hilo halina shaka. Lakini Kiswahili Sanifu kilijengwa juu ya msingi wa Kiunguja kufuatia mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikapewa kazi ya kuusimamia usanifishaji. Msemaji wa Kimvita anayesema "ndoo" kwa maana ya njoo, au "mato" kwa maana ya macho, atakuta alama nyekundu kwenye karatasi yake. Baadaye, katika somo la lahaja, atakuta maneno yale yale yakisifiwa kama ushahidi wa historia ya lugha. Wengine hukasirika, na wana haki. Bora aambiwe mapema kwamba umilisi wa msemaji na maarifa ya mwanaisimu ni mambo mawili, na kwamba umilisi wake hautamfanyia mti wa sintaksia.

Dhana ya pili ni ya kijana wa bara aliyepata B katika Kiswahili lakini anaogopa kuzungumza, kwa kuwa nyumbani huzungumzwa Kikamba au Kikalenjin na shuleni Sheng. Hudhani kwamba darasa la Kiswahili ni la watu wa Mombasa na Lamu, ilhali kumbi nyingi za mihadhara ya Kiswahili nchini zimejaa vijana kama yeye. Kigugumizi cha muhula wa kwanza huisha. Kisichoisha chenyewe ni udhaifu wa kusoma Kiingereza. Wengi hushtuka kugundua kwamba mwanafunzi wa Kiswahili husoma Kiingereza kingi: kozi za elimu, kozi za lazima za chuo, somo la pili la kufundishia na makala nyingi za nadharia zimeandikwa kwa lugha hiyo. Anayekuja Kiswahili kwa kukikimbia Kiingereza amekosea njia, na ni ukarimu kumwambia hivyo.

Alama, kazi na hesabu isiyopendeza

Mtahiniwa wa mfumo wa 8-4-4 huhitaji angalau wastani wa C+ ili ajiunge na shahada. Kwa kila kozi huhesabiwa alama za kundi la masomo manne, ambazo upeo wake ni 48. Mwishoni mwa upangaji, alama za aliyeingia mwisho huwekwa kwenye orodha, nao watahiniwa wa mwaka unaofuata huzisoma kama cheo. Hapa pana kosa ambalo hata wazazi wasomi hulifanya. Alama za kuingilia hupima msongamano wala hazipimi ubora. Huonyesha ni wangapi walioigombea kozi kwa kulinganisha na nafasi zilizokuwapo. Chuo kilicho katikati ya jiji huwa na alama za juu kwa kuwa vijana hutaka jiji. Idara ndogo iliyo mbali, yenye wahadhiri wanaowajua wanafunzi wao kwa majina, huweza kuwa na alama za chini kabisa. Mwenye B asiionee haya kozi iliyomkubali mwenye C+, wala mwenye C+ asiidharau.

La kutazamwa kwa makini zaidi ni alama za somo moja moja. Ili mtu asajiliwe na TSC kama mwalimu wa shule ya upili hutakiwa awe na wastani wa C+ katika KCSE, na tena C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili ya kufundishia. Mwanafunzi mwenye wastani wa C+ aliyepata C katika Historia, akachagua Kiswahili na Historia, anaweza kusoma hadi akahitimu na kuvaa joho, kisha akakwama mlangoni mwa usajili. Kosa hilo huonekana kwa kutazama karatasi ya matokeo dakika moja. Hali kadhalika, Shahada ya Elimu na Shahada ya Sanaa si kitu kimoja. Mwenye Shahada ya Sanaa katika Kiswahili anayetaka kufundisha shule ya upili atahitaji kuongeza stashahada ya uzamili katika elimu, yaani muda zaidi na karo zaidi. Anayejua kwamba anataka kuwa mwalimu aambiwe hivyo siku ile ile, kabla hajavutiwa na kozi yenye jina refu lenye neno "mawasiliano" ndani yake.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali haimwajiri kila mwalimu anayehitimu. Wengi hufundisha kwanza kwa mikataba ya bodi za shule, kwa ujira mdogo, huku wakiyangoja matangazo ya TSC. Wengine, hasa tangu mwaka 2019, wameanza kama walimu wanagenzi. Je, kijana aambiwe hayo? Aambiwe, na aambiwe pia upande wa pili: Kiswahili ni somo ambalo kila shule hulihitaji, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Nje ya darasa kuna redio na runinga, uhariri wa vitabu, tafsiri na utayarishaji wa taarifa za bunge. Nafasi hizo ni za kweli lakini ni chache, na aghalabu huwaendea walioanza kuandika na kutangaza wakiwa bado wanafunzi. Marehemu Ken Walibora, aliyeaga dunia Aprili 2020, alikuwa mwandishi wa riwaya, mtangazaji na mhadhiri, na jina lake hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba Kiswahili hulipa. Linapotajwa ni haki kutaja pia idadi ya kurasa alizoziandika.

Fedha nazo zimebadilika. Mpango wa kugharimia masomo ulioanza mwaka 2023 huangalia hali ya kiuchumi ya familia, ukaigawa gharama baina ya ufadhili wa serikali, mkopo na mchango wa nyumbani. Mpango huo umepingwa mahakamani, kwa hivyo familia iulizie masharti ya mwaka wake wenyewe wala isitegemee simulizi za ndugu aliyetangulia. Mkopo ni deni. Liitwe deni.

Maswali ambayo mgeni hajui kuyauliza

Mtahiniwa akifika chuoni huuliza kuhusu bweni na chakula, na ni sawa ayaulize. Mshauri mwaminifu humwongezea yale asiyoyajua. Kiswahili ni idara inayojitegemea au ni sehemu ya idara ya lugha? Ina wahadhiri wangapi wa kudumu, na kuna yeyote anayeshughulikia uwanja unaomvutia, iwe ni leksikografia, fasihi ya watoto au tafsiri? Darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi? Mwanafunzi akiwa katika mazoezi ya kufundisha, msimamizi humtembelea mara ngapi? Matokeo hutoka baada ya muda gani, na mwanafunzi ambaye alama zake zimepotea huenda kwa nani? Programu yenyewe imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu?

Maswali hayo hujibiwa vyema zaidi na wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne. Wa mwaka wa kwanza bado wana furaha ya ugeni, na mkuu wa idara ana kiti cha kukilinda. Ni vizuri pia kusema wazi kwamba kalenda ya chuo kikuu cha umma hukatika. Mgomo wa wahadhiri wa mwaka 2025 ulianza Septemba na kwisha Novemba, na aliyepanga maisha yake kwa miaka minne kamili alijifunza kuongeza miezi.

Mfano wa kubuni unaonyesha mazungumzo hayo yanavyoweza kwenda. Msichana amekuja mezani na mjomba wake. Ana C+ ya wastani, B katika Kiswahili, C katika Dini na C+ katika Jiografia.

"Dada, nataka Kiswahili na Dini," anasema. "Ndiyo masomo ninayoyapenda."

"Dini una C, mdogo wangu. Ukihitimu, TSC haitakusajili kwa somo hilo."

Mjomba anaingilia kati: "Lakini chuo kitamkubali?"

"Chuo huenda kikamkubali, mzee. Shida itakuja baadaye, chuo kikiwa kimeshamaliza kazi yake."

"Jiografia siipendi sana," msichana anasema.

"Kwa nini?"

"Ramani."

"Basi kaa nasi kidogo. Huyu mwenzangu anasoma Kiswahili na Jiografia, atakuonyesha madaftari yake. Ukiona huwezi, tutaangalia Shahada ya Sanaa, nami nitakueleza itakugharimu nini zaidi ukitaka kufundisha. Na kama yote mawili hayakufai, niambie tu. Sitakasirika."

Sentensi ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Kwa kuitamka, mshauri amempa mgeni ruhusa ya kuondoka. Kwa masharti ya Searle, hapo ndipo maneno yake yanapokuwa ushauri, kwani amekubali kupoteza.

Aliyepangwa asikochagua

Wapo wasiofika mezani kabisa. Hao hupangiwa Kiswahili na KUCCPS baada ya kozi walizozitaka kujaa, nao huingia darasani wakiwa na huzuni. Ni kosa kuwaambia kwamba wote watakipenda, na ni kosa pia kuwaambia kwamba wamepotea. Baadhi yao hubadilika kabisa. Mtu aliyetaka sheria huona katika semantiki na pragmatiki ule ule ukali wa hoja aliokuwa akiutafuta. Aliyetaka uandishi wa habari hugundua kwamba hakuhitaji kuondoka. Wengine huendelea kuumia, na kwao kuna kipindi cha kuomba uhamisho baina ya vyuo na kozi, ambacho hufunguliwa kwa muda mfupi baada ya upangaji. Tangazo lake hupita haraka, na mwanafunzi mgeni asiyemjua yeyote hulisikia likiwa limeshafungwa. Chama cha wanafunzi kinaweza kulibandika kwenye ubao wa idara siku lile linapotoka, kikaandika chini yake jina la ofisi na siku ya mwisho ya maombi, hata kama kufanya hivyo kutapunguza orodha ya wanachama wake wapya.